Nukta Iko Kulia: Maisha ya Baba Yetu, Mtunza Slaidi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake Baba, asanteni kwa kuja. Karatasi hii mliyoikuta imechomekwa katikati ya ratiba imechapwa leo asubuhi, na msishangae wino ukiwachafua vidole. Wasifu wa kwanza aliuandika kaka yangu mkubwa. Ulikuwa mfupi, mzuri, hauna kosa hata moja la tahajia. Juzi niliuondoa kwa ridhaa yake, ingawa ridhaa yenyewe ilikuwa ya shingo upande. Mimi ni binti wa pili wa marehemu, fundi cherehani, si mwandishi. Nitajitahidi kufuata utaratibu wa kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa na kifo. Nikitoka nje ya njia mnivumilie, maana tangu Jumatano sijatulia, na mtaona kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, alfajiri, katika nyumba namba sita ya wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpiga kengele wa treni, na mama yake alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ya stesheni. Bibi alitusimulia kwamba mtoto huyo alikuwa na roho juu juu tangu ameanza kutembea. Akitumwa dukani alirudi njiani mara mbili kuhakikisha mlango ameufunga, na mara ya tatu kuhakikisha alichotumwa ni chumvi. Bibi alikuwa akicheka anaposema hayo. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nami niko hivyo hivyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957. Baba alikuwa mashoto. Nyumbani tulilijua hilo kama tunavyojua jina lake, ila wenzake wa kazini najua baadhi yenu mnatazamana sasa hivi. Mwalimu wake wa kwanza hakutaka kuona kalamu kwenye mkono wa kushoto. Alimfunga mkono huo kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya kiatu, siku tisa mfululizo, mpaka akaandika jina lake lote kwa mkono wa kulia. Baba alizihesabu siku hizo na hakuwahi kuzisahau. Kuanzia hapo akawa na maandishi mawili: ya hadharani, yaliyoparaparwa kama kuku kapita, na ya faraghani, ya mkono wa kushoto, yaliyonyooka kama yamepigwa mashine. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1968, akafundisha kwa muda shule ya msingi, kisha akasoma ukutubi na kupata cheti mwezi Novemba 1974.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa Maktaba ya Sanaa ya chuo kuwa msaidizi wa mtunza slaidi. Kwa vijana ambao hamjawahi kuishika, slaidi ni kipande cha filamu chenye upana wa vidole viwili, kimebanwa ndani ya fremu ndogo ya kadibodi au plastiki. Mwalimu wa sanaa akitaka wanafunzi waone mchoro au kinyago kilichoko mbali, slaidi yake hutiwa kwenye projekta, na picha inatokea ukutani, kubwa kuliko mlango. Chumba cha Baba kilikuwa ghorofa ya chini, mlango wa tatu. Dirisha lilizibwa kwa karatasi ya kaki. Kulikuwa na makabati ya chuma yenye droo nyembamba, meza ya kioo yenye taa chini yake, kioo cha kukuzia kilichofungwa uzi ili kisiondoke, na harufu ya siki inayotoka kwenye filamu ikianza kuzeeka. Wenzake walimbandika jina la Mzee wa Mwanga kwa sababu ya meza ile. Tulipohamia mtaa tunaokaa sasa, dereva wa chuo alisimama getini akapaza sauti, "Mzee wa Mwanga yupo?" Majirani wakasikia mwanga wa ungo, si mwanga wa taa. Karibu mwezi mzima hakuna aliyeleta mtoto wake kucheza kwetu.

Siku ya usaili mkuu wa maktaba wa wakati huo alimuuliza swali moja tu la mkono. Kibanda cha projekta, ambamo mtunza slaidi huonyesha picha wakati wa somo, kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, kwa hiyo akauliza, "Wewe unatumia mkono gani?" Baba akajibu, "Wa kulia." Alimwambia Mama uongo huo usiku wa siku walipooana, kwa sauti ya mtu anayeungama kuua. Huo ndio uongo pekee ninaoujua wa Baba, na miaka thelathini na minne aliubeba kazini kama mtu anayevuka barabara na bakuli la supu ya moto.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kidogo, maana hapa ndipo penye shughuli. Slaidi inapitisha mwanga, kwa hiyo unaweza kuitazama mbele au nyuma, na picha ikawa nzuri pande zote mbili. Tofauti ni kwamba kwa nyuma kila kitu kimegeuka: wa kushoto yuko kulia. Ndiyo maana watunza slaidi huweka nukta nyekundu kwenye pembe ya fremu, kuonyesha uso ni upi. Wengi huiweka chini kushoto. Slaidi huingia kwenye projekta kichwa chini, na ukiipindua, nukta hiyo inaangukia chini ya dole gumba la kulia. Mtangulizi wa Baba alifanya hivyo. Baba, gizani kwenye kibanda ambamo hakuna aliyemwona, aliilisha projekta kwa mkono wake wa kushoto. Akataka nukta iangukie dole gumba lake yeye. Kwa hiyo slaidi zote alizozitengeneza, na za zamani zote alizozibadilishia fremu zilipovunjika, aliziwekea nukta chini kulia. Hakumwambia mtu. Angemwambia, angeulizwa kwa nini.

Mazoea hayo alikuja nayo nyumbani. Kila kitu chetu kilikuwa na nukta nyekundu: swichi, chupa za dawa, kifuniko cha birika. Tulipokuwa wadogo aliweka nukta ndani ya viatu vyetu vya shule, kila jozi kiatu kimoja, ili tusikosee miguu. Wiki moja Mama alilazwa, na shangazi yetu, yuko pale mbele, akaja kutulea. Akaona nukta, akasema moyoni hii bila shaka ni ya kushoto. Tukaenda shule watoto wanne, tumevaa viatu mguu si wake, tunatembea kama bata. Baba aliporudi jioni na kutuona hakucheka. Alikaa kwenye ngazi akatuvua viatu mmoja mmoja, akasema, "Kosa ni langu. Sikumwambia." Shangazi amenikataza kusimulia kisa hiki, naomba anisamehe.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976. Mama alikuwa mpiga chapa wa maktaba hiyo hiyo, ndiye aliyechapa lebo ndogo zinazobandikwa kwenye fremu: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, droo. Baba alianza kurudisha lebo. Ya kwanza alisema herufi imepauka. Ya pili alisema nafasi ni kubwa. Lebo moja ilirudi mara saba, haina kosa lolote. Mara ya saba Mama alichapa, mahali pa jina la msanii, SEMA UNACHOTAKA. Baba aliitunza lebo hiyo kwenye pochi yake hadi mwisho, na sasa anayo Mama. Waliishi pamoja miaka arobaini na minane kasoro wiki chache, wakajaliwa watoto wanne. Walibishana karibu kila siku, hasa kuhusu kama jiko limezimwa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, akiwa mtunza slaidi mkuu, akiacha slaidi 41,260. Alikabidhi funguo, daftari la droo, na maelezo ya kurasa kumi na moja aliyoyaandika kwa mkono wake wa hadharani. Kila kitu kilikuwemo, hata namna ya kupuliza vumbi. Nukta haikuwemo.

Mwaka jana maktaba iliamua kuhamisha mkusanyiko wote kwenye kompyuta. Sisemi walikosea. Filamu zinafifia, nyekundu inageuka waridi, na siki ile ikishaanza haikomi. Walileta kampuni ya kupiga skana, wakafanya kazi kwa miezi minane. Walioshika slaidi walifundishwa, kama mafundi wote wa kazi hiyo wanavyofundishwa, kwamba nukta hukaa kushoto. Walipoikuta kulia waliigeuza slaidi mpaka nukta ikaja kushoto. Wakakata fremu isionekane, ibaki picha tu, safi. Zenye maandishi ndani ya picha zilisomeka kinyume, wakazinyoosha moja moja bila kujiuliza. Nyingine, nyuso, vinyago, majengo, wacheza ngoma, zilipita zimegeuka na hakuna aliyeshtuka. Sura ya mtu usiyemjua hata ikigeuzwa utaiona ni sura tu.

Baba alianza kuugua mwezi Julai mwaka huu. Miguu ilivimba, na daktari akasema ni figo. Tarehe 20 Agosti, akiwa bado nyumbani, alitembelewa na msimamizi wa skana wa maktaba, binti mwenye heshima zake, ambaye alitaka Mzee aone matunda ya kazi yake. Alimpa tableti, Baba akaanza kusogeza picha kwa kidole. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Kidole kikasimama. Nilikuwa naleta chai, nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Zimegeuka," akasema.

Yule binti akacheka kwa upole. "Ikigeuka unaiinamisha tu, Mzee. Hivi. Inajirekebisha yenyewe."

"Hapana mwanangu. Zimegeuka."

Akamwinamishia tableti huku na huku, picha ikawa inasimama na kulala. Baba akamrudishia tableti. Akauliza kitu kimoja tu: "Zenyewe ziko wapi?" Binti akamtoa wasiwasi kwamba ziko salama kwenye makabati, zinasubiri tu kuondolewa, kwa sababu chumba kitawekwa kompyuta za wasomaji. Alidhani anampa habari njema. Baba hakunywa chai ile.

Kuanzia siku hiyo alidai apelekwe kazini. Tulimwambia, "Baba, umestaafu." Akadai tena. Mara mbili tulimkuta amevaa viatu, amekaa kitandani, anasubiri gari. Leo najiuliza kwa nini hakutueleza kinagaubaga wakati kinywa chake bado kilikuwa na nguvu. Nafikiri alijaribu. Nafikiri kila alipofungua mdomo aliiona ile kamba ya kiatu. Mtu wa miaka sabini na mitano, amelea watoto wanne, na bado anamwogopa mwalimu ambaye amekufa zamani. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Alilazwa tarehe 9 Septemba, wodi namba nne, kitanda cha karibu na dirisha. Mwishoni mwa Oktoba maneno yake yalianza kupungua. Muuguzi alituandaa kwamba figo zikifika pale, mgonjwa husema yasiyokuwepo. Jumatatu tarehe 28 Oktoba, zamu ilikuwa yangu. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akasema, "Nukta iko kulia. Mwambie."

Nikamuuliza, "Nimwambie nani, Baba?"

"Nukta iko kulia."

"Sawa, Baba. Nitamwambia."

Nilijibu kama tunavyowajibu wagonjwa, nikamfuta uso, nikaendelea na pindo la suruali nililokuwa nalishona pale kitandani. Alinitazama kwa muda. Sijui kama alijua kwamba namdanganya. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, saa tisa na robo alasiri, Mama akiwa amemshika mguu.

Picha mliyo nayo kwenye jalada la ratiba aliichagua kaka yangu. Ilipigwa mwaka 2001 na mpiga picha wa chuo, aliyemvizia Baba akiandika kwenye meza ya mwanga. Ni picha nzuri kuliko zote tulizo nazo. Baba hakuipenda, ila hakuwa mtu wa kutupa slaidi, basi akaipa namba na kuisukumia nyuma kabisa ya droo ya tisini na saba. Yule msimamizi wa skana ndiye aliyetutumia nakala ya kompyuta, kwa wema wake.

Majalada yalifika Jumatano jioni, mia tatu, yamefungwa kwa mpira. Mama alichukua moja, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Huyu ni nani?"

"Mama, ni Baba."

"Baba yenu lini aliandika kwa mkono huo?"

Nikamnyang'anya ile karatasi. Shati lile nililishona mimi. Ni la kwanza kumshonea, nikiwa na miaka ishirini, na mfuko wa kifuani niliuweka kulia makusudi ili mkono wake wa kushoto uchomoe kalamu bila kuhangaika. Kwenye jalada mfuko uko kushoto, kama mashati ya watu wote. Vifungo navyo vimekaa upande wa kike, na hapo hata kaka yangu, ambaye hajui sindano wala uzi, aliona. Nilisikia sauti ya Baba neno kwa neno. Hakuwa akiweweseka hata kidogo. Alikuwa anatoa maelekezo ya kazi.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilimpigia simu Mkutubi Mkuu. Alinisikiliza, na namshukuru kwa hilo. Akasema picha moja haithibitishi kitu. Nikasema sawa, zitazamwe nyingine. Akasema kama ni hivyo, basi zigeuzwe zote kwenye kompyuta, kazi ya siku moja. Nikamwambia hapana, maana za mtangulizi ziko sawa, na za Baba zimegeuka, na nyingine za mtangulizi zina fremu za Baba, na zenye maandishi zilishanyooshwa, na zote zimechanganyika. Anayejua ipi igeuzwe na ipi iachwe ni fremu peke yake, na fremu ndizo zinazokwenda kutupwa. Akasema kamati ilishatia saini, lori limeshapangwa Jumatatu tarehe 11 saa mbili asubuhi, na kwamba tutaliangalia baada ya mazishi. Mazishi ni leo Jumamosi. Baada ya mazishi ni kesho, ambapo ofisi imefungwa, halafu ni lori.

Jana yule msimamizi wa skana alikuja nyumbani, macho mekundu. Alikuwa amefungua droo ya tisini na saba. Alituletea slaidi yenyewe ndani ya bahasha, ameisaini kwenye daftari kama inavyotakiwa. Tuliishika dirishani sote, kwa zamu. Nukta iko chini kulia, na chini yake, kwenye fremu ambayo skana iliikata, kuna maandishi madogo ya mkono wa kushoto, yamenyooka: "Mimi. Kwa bahati mbaya." Mama alicheka mpaka akalia. Amesema Jumatatu saa moja atakuwa mlangoni pa chumba kile na kiti chake. Wanaomfahamu Mama wanajua hatanii.

Marehemu ameacha mjane; watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili; dada mmoja, ambaye ni shangazi yetu wa viatu; wajukuu sita, wawili kati yao mashoto, na hao hakuna atakayewafunga kamba; na slaidi 41,260 ambazo hadi ninapoandika haya ziko bado kwenye makabati yake, isipokuwa hii moja ya bahasha.

Kabla hatujanyanyuka nina ombi moja. Chukueni jalada la ratiba. Nyuma yake hatukuchapa kitu. Liinueni juu, lielekezeni kwenye jua, kisha mlitazame kwa nyuma. Mfuko uko kulia. Kalamu iko kushoto. Huyo ndiye Baba, na ndiyo mara ya kwanza wengi wenu mnamwona.

Mkutubi Mkuu, asante kwa kuja. Naomba na wewe uliinue lako. Nukta iko kulia.

Baba, nimemwambia. Sasa pumzika, kwa amani.